Usikate Pale Bibi Anapojibu

Riziki mwanangu,

Salamu sikupi. Tulisalimiana asubuhi, ukanisalimia tena ulipotoka bafuni kana kwamba nilikuwa nimesafiri, na salamu ya tatu kwa siku moja ni ya watu wanaotafuta kura.

Niko dukani, Old Kampala, kwenye meza ileile uliyoitoboa kwa chuma cha kulehemu ukiwa darasa la tatu. Wewe uko Kalerwe unasukwa. Msusi wako aliniambia mwenyewe kwa simu: "Mzee, hizo ndogondogo ni saa sita, usimsumbue mtoto." Basi nina saa sita, kalamu mbili, na daftari ambalo mteja mmoja alilisahau hapa. Nimefunga nusu ya mlango ili watu wadhani nimekwenda kula.

Kesho unapanda basi la Nairobi. Mambo ya kuchemsha maji, ya kuficha simu, na ya vijana wenye viatu vilivyochongoka, shangazi yako alikwisha kuyasema, na aliyasema kwa siku tatu bila kunywa maji. Mimi sina la kuongeza. Nairobi naijua. Niliishi huko miezi minne nikitengeneza redio na mtaa mzima uliniita Daktari, mimi niliyeacha shule darasa la sita. Wapo waliosoma mpaka miwani ikawa mizito na hakuna aliyewaita hata Nesi. Kwa hiyo huko ofisini kwenu wakikuuliza ulisoma chuo gani, wajibu kwa sauti, halafu waulize wao wamewahi kufungua redio ikiwa inaimba.

Ninachotaka kukuandikia ni jibu la juzi. Najua ulishangaa niliponyamaza. Mimi kunyamaza ni habari ya kutangazwa.

Ulikuja na karatasi ya kampuni ukaiweka mbele yangu. "Baba, saini hapa. Wewe ndiye mwenye kanda."

"Wanataka nini?"

"Ile kanda ya Mama. Itakuwa ya kwanza kwenye mkusanyiko wao. Wanaifundisha mashine kusikia Kiswahili cha watu wa kawaida."

Nikasema vizuri, mama yako alikuwa anafundisha hata paka. Halafu ukaongeza haraka, kama mtu anayepita mlango wa nyuma: "Ila wanataka kimya chote kikatwe. Faili iwe maneno tu, kabla ya siku yangu ya kwanza. Ni dakika kumi na moja, Baba. Na ile halisi inabaki kwetu."

Nikakuambia ngoja nitafute miwani, nikatoka. Miwani ilikuwa usoni. Uliiona, na hukusema kitu, na kwa hilo nakushukuru.

Sasa nitakuambia kwa nini nilitoka. Hadithi hii unaijua nusu. Nusu unayoijua ni ile ninayowasimulia wageni, ambayo ndani yake mimi ni shujaa.

Vita vya hapa vilipokwisha, mimi nilikuwa kijana wa kambini ambaye kambi yake imekwisha. Babu yako alikuwa mwanajeshi, tulitoka Arua tukafuata bunduki yake kila ilikohamishwa, na siku ilipokuwa haina tena serikali ya kuitumikia, tukabaki na Kiswahili na masanduku mawili. Mjini hapa Kiswahili kilikuwa lugha ya kumtisha mtu. Ukiuliza bei ya nyanya kwa Kiswahili, mwenye nyanya anainua mikono. Mimi nikasema hapana, hii lugha nitaila. Nikapanga baraza ya duka hili la Mhindi, wakati huo madirisha hayana vioo, nikaweka deki mbili za kaseti juu ya meza, nikaandika ubao: BARUA ZA SAUTI. MASKANI YA FUNDI ASIKU.

Wakaja. Wake za askari walikuja, wenye waume kule kaskazini. Wacongo walikuja, waliokimbia, na wale wa vitenge, na wale ambao walikuwa wamekimbia na vitenge. Watu wasiojua kuandika, au wanaojua lakini kalamu haiwatoshi. Mtu anakaa kwenye stuli, anasema na kaseti, mimi nainakili vizuri kwenye kaseti safi, dereva wa lori anaibeba. Nilikuwa mzuri. Usicheke. Kutoka hapa mpaka kule chini kwenye teksi hakuna aliyekuwa na sauti safi kama yangu, na adhana kutoka mlimani ilipoanza nilijua kusimamisha mashine kwa ustadi hata ungedhani nimeelewana na muadhini.

Na kwa sababu nilikuwa mzuri, nikawa mjinga. Niliona watu wanapoteza kanda. Mtu anasema, halafu ananyamaza. Anasema, ananyamaza. Nikasema hawa hawajazoea mashine, wanaiogopa. Basi wakati wa kunakili, deki ya kwanza ikifika kwenye kimya, nabonyeza kitufe cha pozi, kile cha kusimamisha, kwenye deki ya pili. Tak. Maneno yakirudi, naachia. Tak. Barua inatoka imekazwa kama kamba ya kitanda. Na ile nafasi iliyobaki mwishoni nikawa naijaza rumba. Bure, zawadi ya duka. Nikaongeza kwenye ubao: KASETI YAKO IMEJAA, HAKUNA UPEPO. Nilijiona nimevumbua gurudumu.

Ndipo akaja Vumilia. Nakuandikia jina lake kwa sababu wakati huo hakuwa mama yako, alikuwa msichana wa Kicongo mwenye kitenge cha njano na hasira za kuzaliwa nazo. Alimrekodia mama yake aliyebaki Bunia. Nikafanya kazi yangu, tak, tak, tak, nikamwekea rumba tamu kuliko zote nilizokuwa nazo, kwa sababu ya kile kitenge. Lori likaondoka.

Wiki nyingi zikapita. Siku moja akaingia hapa na kaseti ileile, hakusalimu, akaitumbukiza kwenye deki yangu upande wa pili. Ilikuwa sauti ya bibi yako. Nilikuwa sijawahi kuisikia, na maneno yake ya kwanza, kwa Kiswahili chao ambacho "mbele" ni "kabla", bado nayakumbuka kuliko namba yangu ya simu.

"Vumilia, mutoto wangu. Nani alikufundisha kusemaka kama polisi? Unaniuliza kama nimekula, mbele nijibu unaniuliza mguu. Mguu, mbele nijibu unaniuliza mbuzi. Halafu mwisho unanipigia muziki. Uko na haraka ya kwenda wapi? Kama umenikasirikia, sema."

Nikamwambia Vumilia kaseti ilikuwa mbovu. Huo ndio uongo niliomwambia mama yako mara ya pili tulipoonana, uuweke kwenye orodha yako.

Akasema, "Kaseti mbovu inalia shii. Hii inalia tak. Tak ni kidole. Onyesha vidole vyako."

"Dada, nilikuwa nakusaidia. Ulikuwa unanyamaza sana."

"Sikunyamaza. Nilikuwa nasikiliza."

"Unasikiliza nani? Mama yako yuko Bunia."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyevaa kofia. Halafu akanieleza, polepole, kama unavyonieleza wewe mambo ya kompyuta. Kwao barua ya sauti ikifika, haisikilizwi kama taarifa ya habari. Watu wa nyumba wanakaa. Kaseti inauliza, umekula? Mama anajibu pale pale kwa sauti, nimekula, mwanangu, tulipata mihogo. Majirani wanasikia anajibu. Kisha kaseti inasema haya, nashukuru kusikia, inaendelea na jambo lingine. Ndiyo maana Vumilia, akiwa kwenye stuli yangu, alikuwa anauliza na kungoja. Alikuwa anamjua mama yake, anajua swali la mguu lina jibu refu, anampa muda wa kueleza mguu wote mpaka kidole. Na mimi nikaja na kidole changu, nikamfunga yule mama mdomo mara thelathini na moja mbele ya majirani zake, halafu nikampigia rumba.

Wanajeshi wengi walifanya mabaya katika nchi hii na baadhi yao walilala vizuri. Mimi sikuwahi kumpiga mtu kofi. Lakini siku ile nilijua nimemfanyia mtu kitu, na nimekifanya nikitabasamu.

Nikafuta ubao. Vumilia akakaa tena, akarekodi upya, na safari hii nikakaa nje kabisa, barazani, mikono nimeikalia. Dakika ishirini na tisa. Hakuna tak hata moja. Hiyo ndiyo kanda uliyonayo. Lori likaibeba.

Ikarudi. Dereva aliiweka juu ya meza hii na ile karatasi ya nailoni haijafunguliwa. "Fundi, mwenye mzigo hayupo." Homa, siku nne. Alikuwa amezikwa kabla lori halijavuka mpaka. Kwa hiyo bibi yako aliondoka duniani akiwa amesikia kaseti moja tu ya mwanawe, na ni ile yenye kidole changu.

Mama yako hakunilaumu. Alinioa, ambayo ni adhabu ndefu zaidi. Nasema alinioa kwa sababu mimi nilikuwa bado natafuta maneno yeye akaleta sufuria.

Hiyo ndiyo nusu ambayo wageni hawapewi. Na sasa nirudi kwako.

Ulipokuja na laptopu ukasema unataka kuihamisha kanda ile iwe faili, nilijivuna mwezi mzima. Niliwaambia watu binti yangu anaweka alama ndani ya sauti. Wakauliza alama gani, nikasema nyamazeni, hamtaelewa, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeelewa. Ukaniambia unatumia maktaba. Nikakuuliza maktaba gani, ile ya chuo kikuu? Ulicheka mpaka ukaegemea deki. Ukanifafanulia kwamba ni kazi ambayo watu wengine wamekwisha kuiandika, wewe unaiita kwa jina inakuja kukutumikia: unaipa faili, unaipa mahali, unaipa jina la alama, yenyewe inaandika. Nikasema hiyo basi ni shangazi yako.

Lakini usisahau ile siku alama zilipokataa, maana nitaisimulia mpaka nife. Ulikuwa umeweka zote thelathini na moja, moja kwa kila kimya. Kwenye kioo sauti ya mama yako imelala kama vilima vya Kabale, na alama zote zimerundikana upande wa kushoto, mwanzoni kabisa, kabla hata hajasema neno.

"Baba, usiguse."

"Sigusi. Mbona zote zimesimama mlangoni?"

"Programu imeharibika."

"Umeiambia nini?"

"Nimeipa mahali. Sekunde tisini na tano, sekunde mia moja na arobaini, na kadhalika."

"Na yenyewe inahesabu sekunde?"

Ukanitazama. Nikakueleza kidirisha cha namba tatu kwenye deki zangu. Deki ya kwanza ikiandika mia mbili, deki ya pili kwa wimbo uleule inaandika mia mbili na thelathini, kwa sababu hazihesabu wimbo, zinahesabu gurudumu linavyozunguka, na magurudumu hayafanani. Niliharibu barua nyingi kabla ya kujua hivyo. Nikakuambia, kabla ya kugombana na mashine iulize inahesabu nini.

Ukafungua yale maelezo ya Kiingereza, ukasoma, ukashika kichwa. "Inahesabu vipande."

"Vipande gani?"

"Sauti inapimwa vipande vidogo, elfu arobaini na nne na mia moja kila sekunde. Nikiipa tisini na tano, inaweka kipande cha tisini na tano."

"Basi mama yako umemmaliza kabla hajapepesa jicho."

Ukazidisha. Alama zikatawanyika kwenye vilima kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi, kila mmoja akaenda mahali pake. Wewe ulipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikamwambia fundi saa wa jirani kwamba nimerekebisha kompyuta. Sijajuta.

Na nilichopenda zaidi, Riziki, ni kile ulichoniambia nilipouliza kama alama inakula sauti. Ulisema haigusi kitu. Sauti inabaki nzima kama ilivyo, alama inakaa mkiani mwa faili, inasema tu: mahali fulani pana jambo. Nililala na neno hilo. Miaka yote ya kubonyeza vitufe, na kumbe palikuwa na njia ya kuonyesha mahali bila kukata kitu. Ningekuwa nayo wakati ule, ningemwekea bibi yako alama thelathini na moja, na asingedhani amezaa polisi.

Ukaziandika majina. Bibi anajibu, moja. Bibi anajibu, mbili. Mpaka thelathini. Ya thelathini na moja ukaiacha bila jina. Nikakuuliza mbona hii haina jina, ukasema umesahau. Nikasema sawa.

Hukusahau. Na mimi sikukuamini. Sasa tuseme.

Ulikuwa na miaka tisa. Mama yako alikuwa amekwisha kutuacha, tulikuwa tumemzika miezi kama mitatu nyuma. Ukitoka shule ulikuwa unapita nyuma ya pazia, kule ninakoweka redio zilizoshindikana, unaiweka ile kaseti kwenye redio ndogo nyekundu. Ulidhani sisikii kwa sababu nilikuwa nimewasha redio ya mteja. Redio ya mteja ilikuwa haina sauti, ndiyo maana ililetwa.

Mama yako anauliza, umekula? Na wewe unajibu, "Nimekula, Mama. Maharagwe."

Haya, nashukuru kusikia. Mguu unaendeleaje?

"Mzima. Nilianguka lakini siyo sana."

Haya, nashukuru kusikia. Na mbuzi?

"Hatuna mbuzi, Mama. Kuna paka, lakini ni wa jirani."

Muda ulikukuta mrefu, kwa sababu alimpimia mtu mzima. Basi ukawa unaongeza. Ukamweleza mwalimu wa hesabu. Ukamweleza kwamba Baba anapika chapati zinazofanana na ramani. Nilisikia hiyo. Halafu linakuja lile swali la mwisho, ambalo alimuuliza mama yake: utakuja lini unione? Hapo hukujibu hata siku moja. Unakaa kimya naye mpaka mwisho, kaseti inajizima yenyewe, unatoka unaniomba kalamu ya rangi.

Mimi nilikuwa hapa, hatua nne. Wateja nikawa nawafukuza kwa mkono. Ningeweza kuinua pazia. Ningeweza kukaa nawe, nikajibu langu, maana alikuwa akiniuliza na mimi pia, kwa namna yake. Sikuinua. Niliogopa kwamba nikiingia utaacha. Labda ungeacha, labda usingeacha. Baba anayejua kuongea na kila kabila linaloshuka lori hakujua aseme nini na mtoto mmoja nyuma ya pazia. Hilo ni kosa langu la pili, na hili halikuwa na rumba.

Kwa hiyo ulipokuja juzi ukasema kimya ni dakika kumi na moja tu, mimi nilizisikia zote kumi na moja. Na nikaona jambo moja lililonitoa nje kutafuta miwani iliyo usoni: ile programu yao itapita wapi kukata? Itafuata alama zako. Uliziweka ili bibi asikatwe, na wao watazitumia kukionyesha kisu njia. Mimi nilikata kwa kubahatisha, tak na kidole. Wao watakata bila kukosea hata kipande kimoja, na watakushukuru kwa kazi nzuri.

Utasema halisi inabaki kwetu. Najua. Hata mimi ile ya kwanza ya mama yako ilibaki dukani, nzima, kimya chote ndani. Ikanisaidia nini? Bunia ilifika ile niliyoikata. Kule hawakujua kuna nyingine. Bibi yako aliamini aliyoisikia, na alikuwa na haki.

Na hao wanasema wanaifundisha mashine kusikia Kiswahili. Vizuri. Basi waifundishe kusikia. Wakiilisha maneno matupu, wataipata ikiuliza umekula, mguu, mbuzi, kwa mkupuo mmoja, na dunia nzima itasalimiwa na polisi. Mwambie bosi wako nimesema hivyo, mimi Asiku, niliyeanza biashara ya sauti yeye akiwa ananyonya. Akikasirika namba yangu unayo. Nimewahi kugombana na makapteni.

Sasa karatasi. Jana nilikwenda Nakasero nikatoa nakala. Ndani ya bahasha hii ziko mbili. Moja nimesaini kama walivyoiandika, bila kubadilisha nukta. Hiyo inakupeleka kazini bila kelele. Ya pili nimeandika chini yake, kwa herufi kubwa, kwa sababu mwandiko wangu mdogo hausomeki: KANDA HII MTAICHUKUA NZIMA, PAMOJA NA KIMYA CHAKE NA ALAMA ZAKE, AU MTAIACHA. Halafu sahihi yangu, ile yenye mkia.

Ya pili inaweza kukunyima kazi. Sikufichi. Umeipigania kazi hiyo miaka miwili, ulifanya mitihani yao kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka, na mimi nakutia mchanga siku ya kuondoka. Ningekuwa baba mwenye busara ningesaini moja nikakubariki. Sioni haya. Kama watakurudisha, basi la kurudi linashusha palepale linapopakia, meza hii ipo, na tobo lako bado lipo. Tutafungua tena barua za sauti, utaweka alama, mimi nitakaa barazani nikijisifu.

Lakini sikuchagulii. Niliwachagulia watu kwa kidole changu kwa muda mrefu kuliko haki yangu. Kanda ni ya mama yako, na kwa miaka yote ile nyuma ya pazia aliyekuwa akiijibu ni wewe, siyo mimi. Kwa hiyo nusu ya kanda ni yako, ile nusu isiyo na maneno. Toa karatasi unayotaka. Nyingine ichane, usiniambie ulichana ipi mpaka utakaporudi kuniona, na uje ukiwa umenenepa.

Alama ya thelathini na moja iache hivyo, bila jina. Siyo kila mahali panahitaji kibao.

Msusi amepiga, anasema umebakiza kisogo. Nimalize kabla hujafika ukaanza kusahihisha tahajia. Nilitaka kufunga kwa baraka ndefu, najua kadhaa, za dini zote mbili, lakini nimeamua kufunga kama mama yako, kwa namna aliyonifundisha kwa hasira kwenye stuli hii. Nimeacha mistari mitupu. Usiiruke. Ukiwa ndani ya basi, mkishavuka mpaka, fungua hapa ujibu kwa sauti, abiria wakushangae. Mimi nitakuwa barazani saa hiyo, mikono nimeikalia.

Riziki, umekula?

&nbsp;

&nbsp;

&nbsp;

&nbsp;

Haya. Nashukuru kusikia.

Baba yako,
Asiku